Je, Nyumba ya Kitengela ni Rahisi Kweli?

Vikundi vingi vya kujisaidia vinauliza swali moja siku hizi. Pesa za mzunguko zimekusanyika, mwana kikundi mmoja ana kijana wake anayeishi Kitengela, na huyo kijana amesema kuna ploti zinauzwa huko bei nafuu. Je, tununue? Kuna na swali la pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, sana sana na akina mama: mbona kijana mwenyewe, ambaye ana kazi na yuko karibu na Nairobi, haji nyumbani wala hatumi kitu?

Tunaona maswali haya mawili yanakwenda pamoja, kwa hivyo tutayajibu pamoja.

Kitengela iko kilomita kama 30 kusini mwa Nairobi, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Haiko Nairobi. Iko katika Kaunti ya Kajiado, na mtu akiwa na shida ya barabara ya mtaa au takataka, serikali yake iko Kajiado, ingawa mchana kutwa yeye yuko Nairobi. Zamani hapo palikuwa malisho ya Wamaasai, chini ya ranchi ya kikundi. Mwaka 1988 ranchi hiyo iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Basi vipande vikaanza kuuzwa, vikakatwa, vikakatwa tena, mpaka tukafika kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Viwanda vya saruji vya Athi River viko jirani, na vile vya EPZ pia, na wafanyakazi wanataka mahali pa kulala. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta watu 58,000 na kidogo. Ile ya 2019 ilikuta 154,436. Yaani katika miaka kumi mji umekaribia kuzidishwa mara tatu, na mabomba ya maji hayakuzidishwa hivyo.

Si Kitengela peke yake. Rongai, Mlolongo, Juja na Ruiru ni ndugu zake. Ruiru peke yake ilikuwa na watu 490,120 mwaka 2019. Hii ni miji ya kulala: jioni inajaa, asubuhi inabaki na akina mama wenye watoto wadogo, mafundi na wenye maduka.

Mbona watu wanaenda huko? Kwa sababu ya kodi. Tuchukue mfano, nanyi mtajaza bei zenu wenyewe. Tuseme nyumba ya chumba kimoja cha kulala mjini ni shilingi 12,000 kwa mwezi, na ya namna hiyo hiyo Kitengela ni 8,000. Kijana anaona ameokoa 4,000, anahama. Mjini alikuwa akilipa nauli ya 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 2,600. Kitengela tuseme ni 100 kwenda na 100 kurudi, jumla 5,200. Mjini maji yalikuwa ndani ya kodi. Huku ananunua mitungi 5 ya lita 20 kila siku, tuseme shilingi 20 kila mtungi, na kwa siku 30 hiyo ni 3,000. Sasa jumlisha. Mjini alitumia 14,600. Kitengela anatumia 16,200. Na hapo hatujahesabu siku ya mvua, wakati makanga anapandisha nauli bila kumwuliza mtu. Kama mke naye anafanya kazi Nairobi, nauli ni mara mbili.

Mtasema, basi kijana huyu hajui hesabu. Anajua sana. Kodi hulipwa mara moja, na mwenye nyumba anaitaka yote tarehe 5. Nauli hutoka kidogo kidogo mfukoni, na siku mbaya mtu anaweza kutembea kipande cha njia. Halafu kuna mambo ambayo pesa haihesabu. Watoto wana mahali pa kucheza. Hewa ni safi, usiku ni kimya, na mtu anaona Ngong ikiwa mbali. Wengi wanavumilia kwa matumaini ya kujenga chao siku moja wasilipe kodi tena, na tumeona waliofaulu.

Lakini kuna kitu kingine kinacholipwa, nacho ni masaa. Mtu wa Kitengela anayetaka kuwa kazini saa mbili huamka saa kumi na nusu alfajiri, giza totoro. Barabara ya Namanga inakutana na ile ya Mombasa pale Athi River, na kutoka hapo magari ya kila upande yanaingia mjini kwa njia moja. Jioni ni vile vile, kurudi saa mbili au saa tatu usiku. Tukisema ni masaa 4 kwa siku, kwa siku 26 ni masaa 104. Hizo ni siku nne nzima, usiku na mchana, za kukaa kwenye matatu kila mwezi! Watoto wamelala akitoka, wamelala akirudi. Kuna nyumba ambapo mtoto mdogo humjua baba yake Jumapili. Ndugu wasomaji, mkimpigia kijana simu Jumatano usiku naye akajibu kwa maneno mawili, msidhani amewadharau.

Serikali imejaribu. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa na kumalizika mwaka 2012, ikawasaidia watu wa Ruiru na Juja. Lakini barabara ikishakuwa nzuri, maghorofa hufuata, na magari hujaa tena. Mwaka huo huo stesheni ya Syokimau ilifunguliwa, na garimoshi la wafanyakazi huingia mjini bila kukwama. Mtu wa Kitengela, hata hivyo, lazima kwanza apande matatu kufika huko. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 inaanzia Mlolongo na ni ya kulipia, na mwenye kuhesabu nauli anaiangalia tu kutoka chini.

Sasa turudi kwa kikundi kinachotaka ploti. Tutasema zaidi kuhusu maji na udongo, kwa sababu ajenti hatawaambia.

Maji ya visima virefu vya upande wa Kitengela na Athi River mara nyingi yana chumvi, na mara nyingi yana floraidi nyingi. Floraidi ndiyo hufanya meno ya watoto yawe ya rangi ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi inabaki kwenye yale machache. Maji ya mvua hayana shida hiyo, kwa hivyo mwenye kujenga huko afikirie mabati, mifereji na tangi kabla ya kufikiria vigae vya sebuleni.

Udongo ni ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika. Nyumba ikijengwa juu yake, kuta hupasuka nao. Fundi mwaminifu huchimba mpaka afike kwenye murramu au mwamba, na kazi hiyo hula pesa nyingi kabla hata jiwe la kwanza halijaonekana. Ploti ya bei rahisi sana ndani ndani, mbali na lami, huwa ni ya udongo huu, na mwezi wa Aprili hata boda boda haifiki. (Tena ni njia ya wanyama waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi. Mwezi wa Juni 2012 simba 6 waliuawa huko Kitengela baada ya kuingia katika boma la mifugo. Mwenye mbuzi asisahau.)

Kuhusu karatasi, msilipe kwa kuonyeshwa bikoni tu. Chukueni namba ya shamba, mfanye utafutaji rasmi katika rekodi za ardhi ili mjue mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Cheti cha hisa cha kampuni ya kuuza mashamba si hati. Kama ardhi bado ni ya kilimo, lazima mpate idhini ya Bodi ya Ardhi, na maombi yapelekwe katika miezi 6 tangu mkataba. Kama muuzaji ana mke au mume, naye akubali kwa maandishi. Na hati isiandikwe jina la mwenyekiti peke yake, hata akiwa mtu mwema namna gani. Mtu mwema pia hufa, na wanawe si wanakikundi.

Kabla ya kupiga kura, tumeni watu watatu, akiwemo mama mmoja, walale huko usiku mmoja katikati ya wiki, si Jumapili wakati kila kitu ni kizuri. Waende msimu wa mvua. Asubuhi waingie mjini pamoja na wafanyakazi. Waulize mpangaji, wasimwulize ajenti, maji huja siku ngapi kwa wiki.

Na wakienda wasiende mikono mitupu. Huko hata sukuma ni ya kununua. Debe la mahindi na kilo chache za maharagwe zitamsaidia kijana kuliko mnavyofikiri, maana yeye aliona aibu kuwaomba.