Kufunga Kitabu: Juu ya Njia za Kujifunza kabla ya Mtihani

Kila mwaka, mtihani wa Serikali (Examen d'État) ukikaribia, wafinalisti wa Likasi huonekana mahali pote: katika kiwanja cha paroki, chini ya miembe, hata usiku penye taa ya barabara. Wanatembea huku na huku, kaye mkononi, wakisema neno moja mara kumi. Kazi yao si mchezo. Bila diploma ya Serikali hakuna universite, wala mlango wa seminari kubwa haufunguki. Na wazazi wengi wamelipa ile miaka ya sekondari kwa unga na makaa waliyouza sokoni. Basi tuulize: katika njia wanazozifuata, ipi inawasaidia kweli?

Iliyo ya kawaida ni kusoma na kusoma tena. Mwanafunzi anafungua kaye, anafika mwisho, anaanza upya. Wengine wanapiga mistari chini ya maneno mpaka ukurasa wote unakuwa mwekundu. Pale ni sawasawa na kutopiga hata mmoja. Njia hii inapendwa kwa kuwa haitoi jasho. Mara ya nne maneno yanapita kama maji, naye anafikiri: «Nimekwisha kujua.» Lakini kutambua sura ya mtu njiani si kukumbuka jina lake.

Njia nyingine ni kufunga kitabu na kujiuliza. Anasoma mara moja kwa uangalifu, anafunga, anatwaa karatasi tupu na kuandika yote anayokumbuka. Kisha anafungua na kutazama yaliyopotea. Ni kazi ya kuhuzunisha, maana siku za kwanza karatasi inabaki karibu nyeupe.

Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walipima njia hizi mbili. Kundi moja lilisoma habari fulani kwa vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja, na katika vipindi vitatu likaandika linayokumbuka, bila kuitazama tena. Kwa wale walioulizwa baada ya dakika 5, wasomaji walishinda: walikumbuka 83 juu ya 100, na wenzao 71. Kwa wale walioulizwa baada ya juma moja, wasomaji walibaki na 40, na waliojiuliza wakawa na 61. Tuangalie vizuri jambo hili. Jioni ile ile, njia dhaifu inaonekana kuwa njema! Kwa hiyo kijana hadanganyiki kwa uvivu wake. Anadanganyika kwa sababu amejipima mapema mno.

Wakatekista watacheka, maana wao wanaijua njia hii tangu zamani: swali, jibu, kitabu kimefungwa. Ni kweli. Lakini katekisimu inatuonyesha pia hatari yake. Mtoto anajibu bila kukosa neno; ukigeuza swali kidogo, ananyamaza. Ndivyo ilivyo kwa masomo. Nyumbani, Kikula au Panda, tunasema Kiswahili. Mtihani ni wa Kifaransa. Mtoto anashika sauti, hashiki maana. Na siku ya mtihani haombwi kusema fungu zima: anapewa majibu kadhaa yanayofanana, achague moja. Aliyeshika sauti tu anapotea hapo, kwa kuwa yote yanalia sawa masikioni mwake.

Sisi tunapendelea afanye hivi. Asome kwa Kifaransa, afunge, amweleze mdogo wake kwa Kiswahili kwa mfano wa karibu, halafu arudie kwa Kifaransa bila kaye. Tuseme somo ni elektrolizi. Mtoto wa Likasi asiende mbali: pale Shituru, ambako shaba ilianza kusafishwa kwa umeme mwaka 1929, shaba iliyomo ndani ya maji ya asidi inakusanyika juu ya bamba umeme unapopita. Mdogo wake akimwuliza «kwa nini?» mara mbili, atajua upesi kama amefahamu au hapana.

Kuna tena jambo la siku. Wengi wanaweka yote kwa majuma mawili ya mwisho na kukesha kwa kahawa. Saa mbili za jioni moja hazizai matunda kama nusu saa ya jioni nne zilizoachana. Kusahau kidogo, kisha kuvuta neno lirudi, ndiko kunakolikaza. Wajesuiti walilishika hilo katika kanuni zao za masomo, Ratio Studiorum ya 1599: masomo yalirudiliwa kila siku, na Jumamosi yale ya juma lote, wavulana walisemeshana masomo yao wao kwa wao. Na anayekesha anaharibu, kwa sababu ubongo unapanga mambo ya mchana wakati wa usingizi.

Kujifunza kwa kundi ni vizuri, ikiwa kila mmoja amesoma kwanza. Kama sivyo, mmoja anasema na wengine wanasinzia. Maswali ya miaka iliyopita yanafaa kwa kujipima. Juu ya majibu yanayouzwa usiku kwa simu, tusipoteze wino.

Inabaki insha ya Kifaransa, inayotangulia siku nyingine za mtihani. Hiyo haishikwi kwa moyo. Inataka mkono uliozoea: insha moja kwa juma, na mtu wa kuisoma na kuisahihisha. Hapa padri na mseminari aliye likizoni wanaweza kusaidia. Sale ya paroki ikifunguliwa jioni mbili kwa juma, ubao mmoja na taa isiyotegemea umeme wa mji vinatosha kwa kuanza. Lakini ifunguliwe tangu mwezi wa kumi, si mwezi wa tano.