Rovu la bibi si ugonjwa wa dada

Mtu aliyekulia Makete, Njombe au Rungwe kabla ya miaka ya 1990 hahitaji kuelezwa rovu ni nini. Alikula meza moja na wenye nalo, akabebwa mgongoni na wenye nalo. Bibi yetu mzaa mama alikuwa na lake la ukubwa wa ngumi. Jumapili alilifunika kwa kitambaa akienda kanisani. Siku nyingine aliliacha wazi akapalilia mahindi, na hakuna aliyewahi kumwita mgonjwa.

Rovu lile lilitoka kwenye udongo. Mvua za milimani huosha madini joto, mazao yakakua bila madini hayo, na tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, hutanuka ikijaribu kunasa hicho kidogo kinachopatikana. Miaka ya 1980, katika wilaya zilizoathirika zaidi nchini Tanzania, wanafunzi 61 hivi kati ya kila 100 walikutwa na uvimbe huo. Serikali ikaanza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na katikati ya miaka ya 1990 ikaweka sharti kwamba chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Kufikia 1999 idadi ilishuka hadi kama 12 kati ya 100. Mwaka 2009 mchumi Erica Field na wenzake walikadiria kwamba watoto ambao mama zao walipewa vidonge hivyo kabla hawajazaliwa walisonga mbele shuleni kuliko wenzao, kwa kama theluthi moja hadi nusu ya mwaka, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Ni kampeni chache za afya ninazoweza kuzisifu hivyo bila kusita.

Ila ushindi ule umetuachia jibu moja kwa kila shingo. Mama alipoanza kunenepa huku hali chakula, sauti ikakwaruza, nywele zikakatika, na akawa anasinzia katikati ya mazungumzo, kikao cha ukoo hakikuchukua muda: hilo ni la bibi, limerithiwa, aongezewe chumvi. Akaongezewa. Presha ikapanda, uchovu ukabaki palepale. Majirani, kwa upande wao, walikuwa na neno fupi zaidi: mvivu.

Mama alikuwa na ugonjwa wa Hashimoto, ulioitwa hivyo kwa jina la daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Hapa madini joto hayajapungua. Kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoishambulia tezi mpaka inashindwa kutoa homoni ya kutosha. Chumvi ya ziada haitibu hilo, na madini joto yakizidi mno yanaweza hata kuichokoza zaidi tezi ya namna hiyo. Chumvi yenye madini joto iendelee kutumika jikoni kwa kiasi cha kawaida, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, basi.

Dada yangu mkubwa yakamfika kinyume chake. Anakula sahani mbili, anapungua. Mikono inatetemeka akimimina chai, moyo unakwenda mbio amekaa tu, usiku halali, na hasira zinamtoka kwa jambo dogo. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba ameathirika. Alipima VVU mara kadhaa, majibu yakarudi safi, minong'ono haikukoma. Mpaka macho yalipoanza kutokeza ndipo daktari mmoja alipomtazama shingo. Ulikuwa ugonjwa wa Graves: kinga ya mwili inaichochea tezi itoe homoni kupita kiasi.

Basi fikiria hawa wawili wakiishi nyumba moja Dar es Salaam, mwezi wa kwanza. Mama kavaa sweta, anazima feni. Dada anaiwasha. Mama anajifunika kitenge na kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana huruma. Dada anatoka kulala kibarazani. Sisi wengine tulidhani ni ugomvi wa mama na binti uliochelewa kutoka. Nusu ya maneno makali yaliyosemwa kwenye nyumba ile, naamini leo, yalisemwa na homoni.

Karatasi za maabara nazo zilileta mzozo wake. Kipimo cha TSH cha mama kilikuwa juu sana, tukadhani tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Ni kinyume. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Msimamizi akipaza sauti, ujue kibarua amelala. Kwa dada, aliyekuwa na homoni tele, TSH ilikuwa karibu na sifuri.

Dawa zao hazifanani kabisa. Mama anameza levothairoksini, na huenda akaimeza maisha yake yote. Inataka tumbo tupu, maji matupu, kisha kusubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Kwa muda mrefu aliimeza na chai ya maziwa, dozi ikawa inapandishwa kila akirudi kliniki. Dada anatumia kabimazoli, ambayo mara chache huangusha chembe nyeupe za damu. Akipata homa na koo kuuma, anatakiwa asimamishe dawa na awahi hospitali siku hiyohiyo kupimwa damu. Katika mji ambao kila homa ni malaria au UTI, onyo hilo ni rahisi kusahaulika, kwa hiyo limeandikwa kwa kalamu nene na kubandikwa kwenye friji. Na dawa za wawili hao haziwekwi kabati moja.

Jambo lililonikera kuliko yote ni jinsi tulivyotibiwa vipande vipande. Mjomba ana mabaka meupe ya ngozi. Mtoto wake alianza sindano za insulini akiwa shule ya msingi. Mama na dada ndio hao. Mafaili manne, kliniki nne, na miaka ikapita bila mtu kuuliza nani mwingine nyumbani anaumwa. Magonjwa yote manne mara nyingi chanzo chake ni kinga ya mwili kujigeukia, na hupenda kutembea pamoja katika ukoo. Kinachorithiwa ni mwelekeo tu. Wengi wetu hatutaugua kamwe. Wanawake ndio huugua zaidi thairoidi, mara kadhaa kuliko wanaume.

Ndiyo maana binti wa dada yangu, naye akiwa tayari kwenye levothairoksini, alipogundua ana mimba hakusubiri tarehe ya kliniki. Mimba huongeza mahitaji ya homoni, mara nyingi kwa robo hadi nusu ya dozi, na katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama yake. Dozi yake ikapandishwa wiki ileile. Kliniki ya wajawazito ikampa vidonge vya kuongeza damu, navyo huzuia levothairoksini isifyonzwe vizuri vikimezwa pamoja. Vinatakiwa kupishana saa nne. Sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kumeza cha thairoidi, anakunywa chai saa kumi na mbili, vya damu anavimeza usiku. Bibi yake huamshwa kwa kengele hiyohiyo ya simu, na chai ya maziwa inangoja.