Si kila baa ni balaa

Neno "baa" halina bahati katika Kiswahili. Kabla ya Waingereza kutuletea lao, tulikuwa na letu lenye maana ya maafa, nalo lingali hai: twasema baa la njaa, baa la nzige. La kigeni lilipowasili likajikalia katika ngeli nyingine, tukapata baa ya pombe, na wapo wake wa walevi watakaokuambia kwamba tofauti ya "la" na "ya" hapo ni ya sarufi tu. Kwa hivyo kijana wa leo akiambiwa kuwa palikuwa na baa ambamo mtoto wa darasa la tano aliingia peke yake, akavuta kiti na kuagiza, atadhani anasimuliwa maovu.

Zilikuwapo, msomaji mpendwa, nazo ziliuza maziwa. Aliyezipa umaarufu ni mhamiaji Mgiriki, Joachim Tavlaridis, aliyefungua yake mjini Sydney, Australia, mwaka 1932. Hazikukawia kuingia Uingereza, na jina likatufikia kwa njia ya Kiingereza.

Yetu, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa na meza nne, friji kubwa iliyonguruma, na mama mmoja aliyetuuliza, "Nikupe nini, mteja?" bila kutucheka. Neno hilo "mteja" lilitupandisha kimo. Shuleni tulipewa maziwa ya Nyayo, yaliyoanzishwa na Rais Moi mwaka 1979, katika pakiti za umbo la piramidi ambazo tulizing'ata pembeni. Yale yalikuwa ya bure na aghalabu yalikuwa yamepata joto. Tuliyapokea kwa foleni, kama tunavyopokea vyote vya serikali. Kwenye baa tulichagua: baridi au moto, freshi au mala, neno lililokatwa kutoka "maziwa lala". Sarafu ya shilingi tano, ile ya pembe saba, ililipia gilasi moja na hafukeki.

Chenji iliishia chumba cha pili, penye runinga mbili zilizounganishwa na vidude vya gemu. Ubaoni aliandika mwenyewe zamu zetu kwa chaki. Wengi tulikuwa watazamaji, na utazamaji wenyewe ulikuwa darasa, kwa kuwa mkubwa aliyevuka steji ngumu alilazimika kueleza alivyovuka. Mchezaji alikuwa na "laifu" tatu. Hakuna hata mmoja aliyesema "maisha". Maisha lilikuwa neno la mahubiri, nayo huwezi kupewa matatu. Tangu hapo siamini kwamba watoto hukopa maneno kwa uvivu.

Mwalimu wetu mmoja alikiita chumba kile pango la kamari, na fimbo yake ikasema vivyo hivyo. Hakuwa wa kwanza duniani. Jijini New York mashine za gololi ya chuma, gololi inayoviringika juu ya ubao wenye mteremko na kupigwapigwa isimezwe na tundu, zilipigwa marufuku mwaka 1942. Meya La Guardia alizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1976, baada ya kijana Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kutaja mapema mahali gololi itakapopita. Ikapita hapo. Hoja ilikuwa moja: huu ni mchezo wa ustadi.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Kamari si kila mchezo unaomeza sarafu. Ni ule unaochezwa kwa tamaa ya kurudishiwa zaidi ya ulichotoa. Sisi hatukurudishiwa kitu, na tulilijua hilo kabla ya kutoa sarafu. Mashine zilizotapakaa hadi vijijini mwetu miaka ya karibuni, ambazo serikali ilizinasa na kuziteketeza mwaka 2018, zilikuwa kamari halisi. Ziliteketezwa, lakini kamari ikahamia kwenye simu, ambako hakuna mwenye chaki wala mkubwa wa kueleza. Nina wanafunzi walioweka karo yao kwenye mechi za Ulaya. Wao husema "kucheza". Ninapowasahihisha hunitazama kama mtu anayebishana juu ya nukta na mkato.

Nawauliza walimu wenzangu: Jumamosi alasiri, mtoto mwenye shilingi hamsini na saa mbili za bure aende wapi mjini kwenu? Vyumba vya madarasa vimefungwa kwa kufuli. Viwanja vingine vimekwisha kuwa maduka. Maziwa yapo, tena tele, yakiuzwa na mashine inayotiririsha kiasi cha pesa ulizotoa. Juzi nilimtazama msichana wa miaka kumi hivi akijaza chupa yake. Alipomaliza aligeuka, akaangaza macho huku na huku, kisha akaenda zake. Dukani mle hamkuwa na kiti hata kimoja.