Mbolea Isiyokimbia na Mvua

Mkulima mmoja wa skimu yetu alifika ofisini akasema, "Bwana karani, juzi nilitia gunia zima la yurea shambani, na usiku ule mvua kubwa ikanyesha. Sasa mahindi ni ya manjano. Je, nimeuziwa mbolea mbaya?"

Mbolea haikuwa mbaya. Nyingi ilikwenda na maji.

Gunia la yurea la kilo 50 lina kilo 23 za nitrojeni, chakula kinachofanya majani yawe ya kijani. Katika udongo, vijidudu huigeuza yurea kuwa amonia, kisha kuwa naitreti. Ikiachwa juu ya ardhi, amonia hupotea hewani. Naitreti nayo haishikwi na udongo. Mvua huipeleka chini, mbali na mizizi. Mahindi hula kidogo kidogo. Nani humpa mtoto uji wa juma zima kwa siku moja?

Kwa hiyo wataalamu wametengeneza mbolea inayotoa chakula polepole. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, walianza kupaka punje za yurea salfa. Bara Hindi hutumia mafuta ya mbegu za mwarobaini, na mwaka 2015 serikali yao iliamuru yurea yote itengenezwayo nchini ipakwe mafuta hayo. Mwarobaini huchelewesha kazi ya vijidudu vinavyofanya naitreti. Tena mbegu zake zina uchungu unaochukiza wadudu. Makapi yake, mafuta yakiisha kukamuliwa, hutiwa shambani kulisha mimea na kupunguza minyoo ya mizizi. Kitu kimoja, kazi mbili.

Lakini angalieni. Mafuta yaliyopakwa kwenye yurea ni kidogo mno. Hayatazuia funza wa mahindi wala viwavi jeshi. Wala usichanganye dawa ya wadudu na mbolea nyumbani kwa mikono yako, ni hatari. Ukinunua iliyochanganywa kiwandani, fuata maandishi ya gunia, na uiweke mbali na watoto na kuku.

Kama hupati mbolea ya namna hiyo, fanya hivi:

1. Gawa yurea mara mbili: mahindi yafikapo magotini, na tena kabla ya kutoa mbelewele.
2. Itie kando ya shina bila kuligusa, kisha uifukie.
3. Usiitie mvua kubwa inapokaribia.
4. Tumia samadi iliyooza vizuri. Hiyo nayo hulisha polepole.

Bwana mkulima, shilingi uliyoitia shambani na ibaki shambani.