Kusomea Mazoezi ya Mwili Chuoni: Ni Elimu Gani Hiyo?

Siku moja mzee mmoja alitufuata akiwa amekasirika. Binti yake amemaliza kidato cha sita. Anataka kwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya mazoezi ya mwili. Mzee akatuambia: "Niuze ng'ombe ili mtoto akasome kuruka kamba? Kuruka kamba anajua tangu ana miaka sita!"

Tulicheka, lakini swali lake si la kuchekwa. Ng'ombe ni mali, na ada ya chuo ni fedha nyingi. Mzazi ana haki ya kujua fedha zake zinakwenda kununua nini. Basi leo tulieleze jambo hili.

Wengi wetu tunadhani kwamba mwanafunzi wa elimu hiyo hukimbia uwanjani toka asubuhi mpaka jioni. Sivyo. Kukimbia kupo, lakini siku nyingi yumo darasani na katika maabara. Anajifunza jinsi mwili wa binadamu unavyofanya kazi wakati unapotumia nguvu. Anajifunza mifupa, ambayo kwa mtu mzima ni 206. Anajifunza misuli, mapafu, damu na chakula. Na hesabu anafanya kweli kweli, maana kila kitu kinapimwa.

Hebu na sisi tupime. Kaa chini upumzike kidogo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mshipa unapiga. Usitumie kidole gumba kupimia, maana nacho kina mapigo yake, kitakudanganya. Tazama saa, au simu, uhesabu mapigo kwa sekunde 15. Kisha zidisha kwa 4. Kama umehesabu 18, basi 18 mara 4 ni 72. Huo ndio mwendo wa moyo wako kwa dakika moja. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100.

Sasa chukua jembe ulime kwa nguvu dakika kumi, halafu upime tena. Utaona hesabu imepanda sana. Kwa nini? Misuli inayofanya kazi inataka chakula na hewa ya oksijeni, na mchukuzi wa vitu hivyo ni damu. Mtu akipumzika, moyo wake husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Akifanya kazi nzito unaweza kufika lita 20. Hilo ni dumu zima la maji, kwa dakika moja! Na moyo wenyewe ni mkubwa kama ngumi yako tu.

Moyo uliozoea mazoezi husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Ndiyo maana wakimbiaji wengine wa mbio ndefu wakipumzika mapigo yao ni 40 na kitu tu, na hawaumwi. Mtu asiyesoma akikuta mapigo hayo ataogopa bure. Aliyesoma atauliza kwanza: wewe ni mkimbiaji? Unasikia kizunguzungu?

Elimu hii imepatikana kwa watu kuangalia kazi za kila siku. Mfano mmoja ni wa mabasi ya London, Uingereza, yale ya ghorofa. Dereva alikaa kwenye kiti siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima akidai nauli. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza waliyoyaona: makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Mji ni ule ule na basi ni lile lile. Tofauti ni ngazi.

Lakini mtu mwenye akili atasema, ngoja kwanza. Labda wanene ndio waliokuwa wanachagua udereva. Morris naye aliliona hilo. Alikwenda kutazama vipimo vya sare zao, akakuta kweli suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi. Lakini hakutegemea mabasi peke yake. Aliwalinganisha pia watu wa posta waliopeleka barua kwa miguu na baiskeli na wale waliokaa ofisini. Waliotembea walikuwa na nafuu vile vile. Kijana akienda chuoni anafundishwa hivyo hivyo, asikubali jambo kabla ya kulikagua pande zote.

Mfano wa pili ni wa kwetu, na tunaupenda zaidi. Mwaka 1986 wataalamu huko Nairobi, Kenya, walipima akina mama wa Kijaluo na Kikuyu waliozoea kubeba mizigo. Wajaluo hubeba kichwani. Wakikuyu hubeba mgongoni, kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Akina mama hao walitembea juu ya mkanda wa mashine huku hewa wanayoitumia ikipimwa. Kumbe mzigo ukiwa sehemu moja ya tano ya uzito wa mama, hakutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Yaani mama wa kilo 60 alibeba kilo 12 kama hana kitu. Uzito ulipozidi hapo, ndipo nguvu ilianza kuongezeka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1995 ulieleza sababu. Mtu akitembea, mwili hupanda na kushuka kila hatua. Akina mama hao hutumia vizuri nguvu ya kushuka kusukuma hatua inayofuata.

Akina baba msifurahi haraka mkasema basi ndoo zote ni za mama! Dumu la lita 20 ni kilo 20, limekwisha zidi kipimo hicho. Na mwaka 2010 wataalamu waliotangaza habari za akina mama wa Kixhosa wa Afrika ya Kusini walikuta wengi hawapati nafuu hiyo, na shingo zinawauma.

Mzee wetu akauliza tena: "Sisi tunalima. Mazoezi ya nini?" Ni kweli, jembe ni zoezi. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi walipimwa, na habari zao zilitoka mwaka 2017. Kwa kutembea, kuchimba mizizi na kuwinda, miili yao hufanya kazi ya kutosha zaidi ya saa mbili kwa siku, na mioyo yao ilikutwa na afya nzuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki. Mkulima huzipata kabla ya Jumatano. Lakini watoto wetu walioko mjini hukaa ofisini na dukani, na hata huku kijijini pikipiki imetuondoa kwenye miguu. Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya mjini peke yake tena.

Je, akimaliza atafanya kazi gani? Anaweza kuwa mwalimu wa michezo, kocha, au mshauri wa watu wanaotaka kupunguza magonjwa hayo kwa mazoezi. Tuseme wazi: elimu hii haimfanyi kuwa mtaalamu wa hospitali wa kunyoosha viungo vya waliovunjika au kupooza. Hiyo ni fani nyingine, ina chuo chake, kwa mfano KCMC kule Moshi. Wazazi wengine huchanganya mambo haya mawili, na mtoto hujuta akiwa mwaka wa tatu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho kinafundisha. Kwa ukocha na uongozi wa michezo kuna Chuo cha Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza.

Tulimshauri mzee aulize mambo haya kabla ya kutoa hata shilingi. Chuo kimesajiliwa? Vyuo vikuu husimamiwa na TCU, vyuo vya kati na NACTVET. Maabara ya kupimia iko, au ni uwanja mtupu? Waliomaliza wako wapi leo? Na binti ameomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu? Mkopo huo hulipwa baadaye, lakini unaweza kumwokoa ng'ombe.

Mzee aliyaandika maswali yote kwa mkono wake, kwenye daftari lake la kisomo. Ng'ombe bado yuko zizini. Binti ameambiwa asubiri majibu.