Mkunga: Samaki wa bwawani, mbegu ya bahari kuu

MFUGAJI wa kuku huagiza vifaranga. Wa sato au kambale hununua mbegu kwenye kituo cha kuzalishia. Lakini mfugaji wa mkunga nchini Japani husubiri bahari imletee.

Mkunga wa Japani hukulia mtoni, lakini hutaga mayai baharini, magharibi ya visiwa vya Mariana katika Pasifiki. Mwezi Mei 2009 watafiti wakiongozwa na Katsumi Tsukamoto wa Chuo Kikuu cha Tokyo walifanikiwa kuopoa mayai hayo kwa mara ya kwanza.

Viluwiluwi wanaoanguliwa ni bapa kama jani na mwili wao hupitisha mwanga. Hawana nguvu ya kushindana na maji, hivyo mkondo wa bahari huwasukuma kuelekea magharibi hadi karibu na Ufilipino. Hapo ndipo penye njia panda. Mkondo hugawanyika: tawi la kaskazini, liitwalo Kuroshio, huelekea Taiwani na Japani, la kusini huelekea Mindanao.

Wanaoshika tawi la kaskazini hugeuka kuwa mikunga wadogo, weupe kama kioo, kisha huingia midomo ya mito, ambako wavuvi huwangoja usiku wakiwa na taa na nyavu. Wanaokwenda kusini hupotea kwa mfugaji.

Miaka ya El Nino, ambayo wakulima wetu huijua kwa mvua zake, eneo la kutagia husogea kusini, na wengi zaidi huishia upande wa Mindanao.

Matokeo yake huonekana sokoni. Kilo moja ya mikunga hao huwa na takriban 5,000. Mwaka 2018, msimu ulipokuwa mbaya, bei nchini Japani ilikaribia yen milioni 3 kwa kilo.

Je, hawawezi kuzalishwa? Mwaka 2010 wataalamu wa Japani walikamilisha mzunguko mzima, kutoka yai hadi yai, katika matangi. Hata hivyo, kulisha viluwiluwi ni kazi ngumu na ya gharama, hivyo mabwawa mengi bado hutegemea mbegu ya kuvuliwa.

Mikunga wa mito yetu, kama Pangani na Tana, nao huzaliwa mbali katika Bahari ya Hindi, na viluwiluwi wao huletwa pwani na mikondo. Kwa hiyo anayefikiria kuwafuga asianze na hesabu ya bei ya samaki mkubwa. Aulize kwanza: mbegu itatoka wapi, na mwakani itapatikana? Akiambiwa zipo za kuzalishwa kituoni, aombe kukiona kituo hicho kabla ya kutoa fedha. Bwawa huchimbwa kwa wiki chache, lakini mkondo wa bahari haupokei oda.