Maji ya kisima si ya rejeta: kusafisha na kujaza upya pikapu ya shamba



Leo tuweke pembeni mbolea na dawa, tuzungumze pikapu. Nyanya zikishachumwa, kazi iliyobaki ni kuzifikisha Mwanakwerekwe au Darajani mapema. Gari ikichemsha kabla hujafika Bububu, mzigo unapigwa jua na ukifika sokoni bei unapangiwa. Kwa gari za zamani, mara nyingi tatizo ni rejeta iliyoziba, na kilichoiziba ni maji tunayotia wenyewe.

Wengi huniambia, "Bwanashamba, kulanti ni ya nchi za barafu, huku kwetu maji yanatosha." Hapana. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Pia inazuia kutu ndani ya injini na kupandisha joto la kuchemkia. Maji matupu yaliyo wazi huchemka nyuzi 100. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu, chini ya kifuniko cha rejeta kinachoshika presha vizuri, huvuka nyuzi 120 kabla ya kuchemka.

Na maji yetu yana jambo lake. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe, lile lile wazee walilolichoma kupata chokaa ya kujengea. Maji ya kisima yanapita humo na kubeba chokaa. Tazama ndani ya birika la chai: ule ukoko mweupe ndio unaojijenga kwenye vijibomba vyembamba vya rejeta. Visima vya karibu na pwani huongeza chumvi, nayo inakula chuma.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

1. Fanya asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Usifungue kifuniko gari ikiwa ya moto, maji yatakurukia usoni.

2. Kama gari ina hita, iweke upande wa moto. Weka beseni chini, fungua koki ya chini ya rejeta, kisha kifuniko cha juu. Tazama kinachotoka. Rangi ya kutu ni uchafu wa kawaida. Ukiona kitu kama maziwa au mafuta yanaelea, simama hapo, muite fundi: huenda gasketi ya hedi imekufa, na kusafisha hakutaitibu.

3. Funga koki, jaza maji safi yasiyo na chumvi; ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa. Washa injini mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto. Hapo tamostati imefunguka, nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe.

4. Minya mipira yote. Uliopasuka, uliolegea au uliokuwa mgumu kama ubao, badilisha. Kifuniko chenye raba iliyokatika nacho kibadilishwe, bila presha kazi yote ni bure.

5. Angalia kwenye kitabu cha gari mfumo unachukua lita ngapi. Kama ni 8, tia kwanza lita 4 za kulanti isiyochanganywa, halafu malizia na maji ya betri. Tunaanza na kulanti kwa sababu ndani ya injini hubaki maji ya kusafishia. Hakikisha umenunua maji ya betri, si asidi. Ukinunua kulanti iliyokwisha changanywa, usiiongeze maji, na usichanganye aina mbili.

6. Toa hewa. Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, iwashe kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, minya mpira wa juu polepole. Mapovu yakiisha, ongeza, funga, na jaza chupa ya akiba mpaka alama. Kesho yake, ikiwa baridi, kagua tena.

Jambo la mwisho ni kubwa. Kulanti nyingi zina ladha tamu na ni sumu. Mbuzi, kuku au paka akiinywa anakufa, na mtoto pia iko hatarini roho yake. Usiimwage shambani wala karibu na kisima. Jiwe letu lina mianya, kinachomwagwa juu kinateremka haraka kwenye maji tunayokunywa. Itie kwenye dumu, funga, andika SUMU, weka mbali na watoto, na ulizia gereji inayokusanya oili chafu.

Kulanti ya kijani ya kawaida ibadilishwe kila miaka 2. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na hedi iliyopinda na tenga za nyanya zilizoozea njiani.

Mwenye suali aniulize, au anikute shambani.